Chemchemi za moto za bahari kuu, mezani Dodoma

Dodoma ipo takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana sufuria ya maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Hewa inayotulemea ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo mvuke hautumii nguvu nyingi kutoka. Sasa shuka mita 2,500 ndani ya bahari, ambako kila mita 10 za maji huongeza mzigo sawa na wa angahewa nzima. Huko maji ya nyuzi 350 hububujika kutoka kwenye mwamba bila kuchemka. Mgandamizo wa angahewa 250 unayabana yasigeuke mvuke.

Chemchemi hizo zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, na watafiti waliokuwa ndani ya nyambizi ndogo iitwayo Alvin. Mwaka 1979, sehemu nyingine ya mashariki ya Pasifiki, zikapatikana dohani nyeusi: minara ya madini ya salfaidi inayofuka kama tanuri la mkaa. Bahari yetu ya Hindi nayo inazo. Eneo la Kairei, mbali mashariki ya Madagaska, lilipatikana mwaka 2000, na humo ndimo alimotoka kijiumbe Methanopyrus kandleri wa aina ya 116. Mwaka 2008 watafiti wa Japani waliripoti kwamba anakua kwenye nyuzi 122 akiwekwa chini ya mgandamizo mkubwa. Otoklevu zetu, yaani vyungu vya mvuke wa mgandamizo vya kusafishia vifaa vya maabara, huua vijiumbe kwa nyuzi 121.

Makala haya ni ya mwanafunzi wa maabara, mwalimu wa baiolojia, na yeyote aliye kanda ya kati anayeona somo la vijiumbe wa chemchemi hizi ni la wenye meli tu. Meli inahitajika, ndiyo. Lakini ugumu wa somo hauko kwenye kina. Uko kwenye kujua kilichomo ndani ya chupa ni cha nani: cha mwamba, cha bahari, au cha maabara yako mwenyewe. Kazi hiyo hufanyika mezani, na meza ya Dodoma inatosha kabisa.

Wanakula nini

Maji ya mwamba huja na haidrojeni salfaidi, haidrojeni, methani na chuma. Maji ya bahari huja na oksijeni, naitreti na salfeti. Kijiumbe hukaa pale yanapokutana. Huchukua elektroni upande mmoja, huzitua upande wa pili, na nishati anayopata katikati huitumia kutengeneza chakula kutokana na hewa ya ukaa. Sergei Winogradsky aliufungua mlango wa elimu hii mwaka 1887 akichunguza Beggiatoa, bakteria weupe wa kwenye matope yanayonuka. Mnyoo mkubwa wa Galápagos, Riftia, hana mdomo wala utumbo; mwaka 1981 Colleen Cavanaugh alionyesha kwamba amebeba bakteria ndani ya mwili wake, nao ndio wanaomlisha.

Kuna kauli inayorudiwa sana kwamba viumbe hawa hawalitegemei jua hata kidogo. Inahitaji kunyooshwa. Bakteria anayechoma salfaidi kwa oksijeni anatumia oksijeni iliyotengenezwa na mimea na mwani huko juu kwenye mwanga. Anayeweza kusema kweli kwamba hana deni na jua ni yule anayeunganisha haidrojeni ya mwamba na hewa ya ukaa kutoa methani, pamoja na jamaa zake wachache. Mwalimu akilifafanua hili darasani, wanafunzi wataelewa kemia yote iliyobaki kwa urahisi zaidi.

Ukuta wa dohani una unene wa sentimita chache tu, lakini ndani ni nyuzi 350 na nje ni nyuzi 2. Upande wa nje wenye ubaridi hukaa bakteria Sulfurovum na Sulfurimonas. Ukiingia ndani, kwenye nyuzi 60 hadi 80, unakutana na kundi la bakteria waitwao Aquificales. Zaidi ya nyuzi 80 ni makao ya akea, vijiumbe wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini ni ukoo wao peke yao, kama Thermococcus na Methanocaldococcus. Anayelisaga pande lote la dohani mara moja amechanganya majirani wasiowahi kuonana. Ni sawa na kumwaga udongo wa Bahi, wa Mpwapwa na wa Kondoa kwenye gunia moja, kisha kupima rutuba ya gunia. Pande likatwe tabaka kwa tabaka kwa kisu kilichochomwa moto, na kila tabaka liwe na lebo yake.

Chupa mbili za matope

Kabla hujagusa sampuli ya bei ghali kutoka baharini, jifunze mpaka wa oksijeni na salfaidi kwa matope ya hapa. Nenda kando ya bwawa la Hombolo au kwenye mbuga ya Bahi, uchimbue matope meusi yanayonuka yai viza. Vaa mabuti na glavu, maana maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho. Chukua matope kilo 3 na maji ya hapohapo lita 2. Jaza ndoo hadi juu na uifunike ili hewa isibaki.

Tafuta chupa mbili za maji za plastiki za lita 1.5 zinazoonyesha ndani, ukate shingo zake. Upande mmoja wa kila chupa toboa matundu madogo kila sentimita 2 kuanzia chini, uyazibe kwa utepe wa plastiki. Kwa kila kilo ya matope changanya vijiko viwili vya chakula vya unga wa jasi, ile inayochimbwa Itigi, karatasi moja ya gazeti iliyochanwachanwa, na kijiko kimoja cha maganda ya mayai yaliyosagwa. Ongeza maji ya bwawa hadi mchanganyiko uwe kama uji mzito. Jaza chupa robo tatu huku ukiigongagonga mezani ili mapovu yatoke. Weka maji sentimita 3 juu yake na ufunike kwa nailoni. Chupa moja iwekwe karibu na dirisha lakini isipigwe na jua moja kwa moja, kwa kuwa jua la Dodoma litaichemsha. Ya pili izungushie karatasi ya aluminiamu na uifungie kabatini.

Gazeti ni chakula cha bakteria wachachushaji, nao humaliza oksijeni ndani ya siku chache. Wakishaimaliza, wenzao wanaopumua salfeti huchukua salfeti ya jasi na kutoa haidrojeni salfaidi. Salfaidi ikikutana na chuma cha matope, weusi unatanda. Kati ya wiki ya 4 na ya 8, chupa ya dirishani itaonyesha mikanda ya zambarau na ya kijani, yaani bakteria wanaotumia mwanga. Chupa ya kabatini haitakuwa na rangi hizo. Ifunue kwa upole, utazame pale matope yanapokutana na maji: utando mweupe mwembamba kama ukoko wa maziwa yaliyopoa. Utando huo upo pale tu ambapo salfaidi inapanda na oksijeni inashuka. Ukiutikisa unavunjika, ukiuacha, mara nyingi hujijenga upya palepale. Sehemu kubwa ya kazi ya dohani ya baharini ni utando huu, ila kwa moto na kwa mgandamizo.

Yanayoharibika ni haya. Gazeti likizidi, gesi inapasua matope na kuyainua kama maandazi. Matope yakiwa ya kichanga yenye chuma kidogo, hayageuki meusi hata baada ya wiki 3, ingawa harufu ipo. Maji yakikauka, jazia maji ya bwawa. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwanza siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi. Ukifika wakati wa kuchukua sampuli, vuta mililita 1 kwa bomba la sindano kupitia kila tundu, utepe mmoja baada ya mwingine.

Otoklevu na chupa zisizo na oksijeni

Hapa mwinuko wetu unadai heshima. Vitabu vingi husema weka otoklevu kwenye geji ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, utapata nyuzi 121. Hiyo ni kweli pwani. Geji hupima kinachozidi hewa ya nje, na hewa ya Dodoma ina kilopaskali 88 hivi badala ya 101. Kwa hiyo pauni 15 za hapa ni takriban nyuzi 119. Ukitaka 121, geji isome karibu pauni 17, ilimradi chombo chenyewe kimeidhinishwa kwa mgandamizo huo. Kama hakijaidhinishwa, ongeza muda. Kipima oksijeni nacho ni vivyo hivyo: maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 25 yana miligramu 8.3 hivi kwa lita pwani, na karibu 7.2 hapa. Mtu asiyesahihisha kifaa chake anaweza kuandika ripoti ya upungufu wa oksijeni usiokuwepo.

Chakula cha kuoteshea vijiumbe wa bahari wanaokula haidrojeni hutengenezwa hivi kwa lita moja: kloridi ya sodiamu gramu 30, kloridi ya magnesiamu yenye maji yake gramu 4, salfeti ya magnesiamu gramu 3.4, kloridi ya potasiamu gramu 0.33, kloridi ya amonia gramu 0.25, kloridi ya kalsiamu gramu 0.14, fosfeti ya potasiamu gramu 0.14, mchanganyiko wa madini machache kama nikeli na seleniamu, na resazurini miligramu 1. Kalsiamu na fosfeti zisikutane zikiwa nzito, zitagandamana. Yeyusha kila moja peke yake, uimimine mwishoni. Usitumie chumvi ya dukani. Imetiwa madini joto na dawa ya kuizuia isishikane.

Resazurini ndiyo jicho lako. Mwanzoni ni ya bluu, ikichemka inakuwa ya waridi, na oksijeni ikiisha kabisa inakosa rangi. Chemsha dakika 10 hadi 15, ondoa motoni, ipoe huku naitrojeni ikipita ndani yake kupitia sindano ndefu. Gawa mililita 20 kwenye kila chupa nene ya mililita 60, bado chini ya gesi. Ziba kwa kizibo cha mpira wa butili na ukaze kifuniko cha aluminiamu kwa koleo lake. Pitisha kwenye otoklevu. Ikipoa, ongeza kwa sindano bikaboneti, sisteini na salfaidi ya sodiamu zilizosafishwa kando, sisteini na salfaidi zikiwa gramu 0.5 kwa lita kila moja. Badilisha hewa ya juu iwe haidrojeni asilimia 80 na hewa ya ukaa asilimia 20. Rangi ya waridi hufifia na kupotea.

Asubuhi ukikuta waridi imerudi, tatizo kwa kawaida ni kizibo. Mpira wa kawaida hupitisha oksijeni polepole, na hata butili huchoka ikishachomwa sindano mara nyingi. Chanzo cha pili ni naitrojeni ya mtungi yenyewe, ambayo mara nyingi ina oksijeni kidogo. Ipitishe kwanza kwenye bomba la shaba iliyopashwa moto.

Kwa Thermococcus unahitaji salfa ya unga. Salfa huyeyuka karibu na nyuzi 115, hivyo ikiingia kwenye otoklevu inatoka donge ambalo vijiumbe hawawezi kulitumia vizuri. Ipige mvuke wa kawaida saa nzima kwa siku 3 mfululizo, kisha uiongeze. Oteshea kwenye nyuzi 85 ndani ya chupa nene tu, kwa sababu gesi iliyofungiwa inapanuka. Vijiumbe wengi wa mita 2,500 hukua bila mgandamizo wa bahari wakipata gesi, chumvi na joto lao.

Salfaidi ya sodiamu ikiguswa na asidi hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayoua. Pua haitoshi kukulinda: gesi ikizidi, uwezo wa kuinusa hupotea kabisa. Fanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa, na haidrojeni isikaribiane na moto wowote.

Maji ya mwamba ni kiasi gani

Kuna hesabu moja ambayo kila anayepokea sampuli ya dohani lazima aijue kwa moyo. Maji ya bahari yana magnesiamu takriban milimoli 53 kwa kilo. Yakipita kwenye mwamba wa moto huiacha karibu yote humo, hivyo maji ya mwamba yaliyo safi huhesabiwa kuwa na sifuri. Magnesiamu yoyote ndani ya chupa yako imeletwa na bahari.

Tuseme chupa ina milimoli 42.4. Gawanya kwa 53, unapata 0.8. Asilimia 80 ya chupa hiyo ni maji ya bahari na asilimia 20 tu ni ya mwamba. Kama salfaidi uliyopima ni milimoli 1.4, maji ya mwamba yenyewe yalikuwa na 1.4 gawanya kwa 0.2, yaani milimoli 7. Kama mwamba ulitoa maji ya nyuzi 350 na bahari ni nyuzi 2, mchanganyiko huo ulipaswa kuwa na nyuzi 72 hivi. Kipimajoto kikisoma 40, joto limepotelea kwenye mawe njiani. Haidrojeni ikiwa pungufu kuliko hesabu inavyodai, hapo ndipo pa kuuliza nani ameila. Orodha ya bakteria isiyo na magnesiamu kando yake haiwezi kujibu swali hilo, hata iwe ndefu namna gani.

Salfaidi haisubiri. Iwekewe zinki aseteti asilimia 5 dakika ileile sampuli inapofunguliwa, ibaki kama unga mweupe hadi ipimwe. Ya kuhesabia seli iwekewe fomalini hadi asilimia 2 na ikae kwenye ubaridi. Ya DNA ichujwe kwa chujio la mikroni 0.22, chujio ligandishwe mara moja. Chujio likiziba kwa vumbi la madini, weka jingine. Ukilazimisha pampu, seli hupasuka na DNA inapita. Friza ya maabara isitegemee umeme wa gridi pekee. Naitrojeni ya kimiminika, ileile inayotumiwa na wahimilishaji wa ng'ombe, hushikilia sampuli siku nyingi umeme ukikatika, na mtungi wake haupigi kelele.

DNA chache, uchafu mwingi

Maji vuguvugu yanayovuja kwenye nyufa za sakafu ya bahari huwa na seli kama 100,000 kwa mililita. Lita moja ni seli milioni 100. Kila seli ikiwa na femtogramu 3 za DNA, unapata nanogramu 300, na ukiokoa theluthi moja bado unazo 100. Hapo hakuna shida. Shida ni maji ya moto sana yenye seli 1,000 kwa mililita: nanogramu 3 kwa lita nzima kabla ya hasara. Kwa kiwango hicho, vijiumbe waliomo ndani ya dawa za kutolea DNA wanaweza kuonekana kama wenyeji wa dohani. Ralstonia na Bradyrhizobium hujulikana kwa tabia hiyo, na Cutibacterium hutoka kwenye ngozi ya mkono wako.

Kwa hiyo kila kundi la sampuli liende na sampuli tupu nne: maji ya bahari ya mbali na chemchemi, chujio lisilopitishwa kitu, chupa ya dawa bila sampuli, na PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke) bila DNA. Zote zisomwe kwenye mashine, hata kama hazionyeshi mstari wowote kwenye jeli. Anayeziacha ili kuokoa fedha ameharibu fedha zote nyingine.

Vipande vya dohani vina matatizo yao. Metali huzuia PCR, chuma kilichopata kutu hushika DNA, na salfaidi inayooza hewani hutoa asidi inayoila. Jaribu kwanza kuipunguza DNA mara 10 kwa maji safi na kuongeza albumini. Mara nyingi PCR iliyokataa inakubali.

Viongozi vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha unakili uanzie wapi, vichaguliwe kwa makini. Jozi ya 515F na 806R ya zamani hupunguza SAR11, bakteria wa maji ya wazi ya bahari, na hukosa sehemu ya akea wanaobadili amonia. Tumia ile iliyorekebishwa. SAR11 ndani ya sampuli ya dohani ni magnesiamu ya upande wa baiolojia: anakwambia bahari imeingia kiasi gani. Kiongozi kisichomwona kinaficha ushahidi huo. Vivyo hivyo kloroplasti za mwani: usizifute kimyakimya kabla hujazihesabu.

Jina la bakteria halitoshi kueleza kazi yake. Kwa kazi tafuta jeni: soxB kwa kuchoma salfa, mcrA kwa methani, aclB kwa njia mojawapo ya kujenga chakula kutokana na hewa ya ukaa. Data nyingi za dohani zimewekwa wazi kwenye SRA, hifadhi ya mtandaoni ya DNA iliyosomwa, na mtu wa Dodoma anaweza kuzishusha usiku, bando likiwa nafuu, kwa programu inayoendelea ilipoishia mtandao ukikatika. Uchambuzi wa jeni moja kwa programu ya DADA2 unafanyika kwenye kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya GB 16. Kuunganisha jenomu nzima kunahitaji mashine kubwa zaidi.

Chemchemi za kwetu

Kanda ya kati ina chemchemi za maji moto upande wa Singida, na zinafaa sana kwa mazoezi ya uwandani. Lakini hazifanani na dohani. Maji yake hupashwa moto kwa kushuka ndani ya nyufa za mwamba wa kale na kurudi juu, na mapovu yanayotoka ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, pamoja na heliamu. Anayeona mapovu akakimbilia kuotesha vijiumbe wa methani kwa haidrojeni atapata walioletwa na gesi yake mwenyewe, si wenye nyumba. Anza na gesi: jaza chupa maji ya chemchemi, igeuze ndani ya maji, acha mapovu yasukume maji yatoke, uizibe ikiwa bado imezama. Pima joto penye jicho la chemchemi na tena mita 1, mita 5 na mita 10 kando ya mkondo, kwa sababu utando wa rangi hubadilika na joto. Chukua utando wa kila kituo kwa kijiko kilichochomwa moto, na maji ya mto au kisima cha jirani yawe bahari yako ya kulinganishia. Lebo iandikwe kwa penseli, iwe na saa, joto, pH na umbali kutoka jichoni, na chupa tupu iliyofunguliwa uwandani ikafungwa palepale irudi nyumbani kwenye kasha lilelile.